Nikope kazini ninunue hatifungani? Naomba ushauri wa wenye uzoefu

Mwalimu_Makambako

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako, umri miaka 34, mama wa watoto wawili. Mshahara unaonifikia mkononi ni 780,000. Mkopo wa kujengea nilimaliza kulipa mwaka jana, na tangu hapo maofisa mikopo hawaishi kunipigia.

Jumamosi tulialikwa semina ya bure ya uhuru wa kifedha, ukumbini Njombe mjini. Mtoa mada akatuambia tajiri hatumii pesa yake, anatumia ya benki. Akaandika ubaoni: kopa milioni 20 kwa dhamana ya mshahara, miaka 7. Nunua hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali. Kuponi, ile riba inayolipwa kila nusu mwaka, ikiingia inakusaidia marejesho, na mkopo ukiisha hatifungani ni yako, unaendelea kulipwa ukiwa umelala. Watu walipiga makofi. Mwisho akatangaza darasa lenyewe: 350,000, unaingizwa kundi la WhatsApp na kupata "ushauri wa maisha yote".

Hesabu zake nilizinakili na sikuona kosa. Mume wangu anasema nisithubutu kukopa, ila nikimuuliza kwa nini anasema moyo wake haukubali tu. Msimu huu parachichi zimenipa milioni 4 ambazo sijazigusa.

Ninachotaka kujua: huo mkopo una maana? Darasa nililipie? Na ni pesa kiasi gani inatosha mtu kuishi bila kutegemea mshahara? Natamani nikifika miaka 50 nifundishe kwa kupenda.

---

Fundi_Uyole

Mwalimu, karatasi za serikali waachie watu wa Dar. Ongezea hizo milioni 4 kidogo kidogo, jenga vyumba vya kupangisha. Mimi nina vyumba vinne hapa Uyole, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, na mpangaji analipa miezi mitatu mbele. Nyumba unaiona kwa macho na kiwanja kinapanda bei.

---

NesiMstaafu_Moro

Mwanangu mwalimu, swali lako limenigusa. Nilikuwa muuguzi, nimestaafu, niko Kihonda, Morogoro, na matumizi yangu mengi ya mwezi yanatoka kwenye hatifungani. Kwa hiyo zana unayoulizia naipenda na ninaiishi. Huo mkopo ndio nataka tuukague.

Chukua daftari tuandike pamoja. Milioni 20, miaka 7, riba tuseme asilimia 15 kwa salio linalopungua. Makato yako yatakuwa kama 386,000 kila mwezi. Mpaka mwisho utakuwa umelipa milioni 32.4. Upande wa pili, hatifungani ya miaka 20 mwaka 2024 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.25, basi tutumie hiyo. Milioni 20 zinakupa 3,050,000 kwa mwaka, na kwa miaka 7 ni 21,350,000. Yaani kutoka mfukoni umetoa milioni 11 na kidogo, umebaki na hatifungani ya milioni 20. Hapo ndipo ukumbi ulipopiga makofi, na hesabu yenyewe ni sahihi.

Sasa tuandike ile ambayo ubaoni haikuwepo. Kuponi ukiigawa kwa miezi ni kama 254,000. Makato ni 386,000. Pengo ni 132,000, na pengo hilo unalilipa wewe, kila mwezi, kutoka kwenye mshahara wako. Jiulize: hiyo 132,000 ningeiweka mwenyewe bila kumuona ofisa mikopo yeyote, ingefika wapi? Kwenye mfuko wa pamoja, ambamo pesa za watu wengi zinawekezwa kwa pamoja, unaozaa asilimia 12 kwa mwaka, kwa miaka hiyohiyo 7, inafika milioni 17.2. Kwa hiyo faida ya kukopa milioni 20 na kubanwa miaka 7 ni kama milioni 2.8. Ondoa bima ya mkopo. Ondoa gharama za kuushughulikia mkopo, ambazo wanakata juu kwa juu kabla pesa haijakufikia. Uone kinachobaki.

Tena hapo nimekuhesabia kwa upole. Benki ikikupa riba ya 17, makato yanakuwa karibu 409,000 na pengo ni 154,500. Ukiliweka mwenyewe linafika milioni 20.2. Faida yote imeisha. Na kuponi nayo haikuandikwa kwenye jiwe. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha kuponi za hatifungani mpya, ya miaka 20 ikawa asilimia 12.10. Aliyekopa kwa 15 akanunua ile, pengo lake lilikuwa kama 184,000 kwa mwezi, ambalo lingemfikisha milioni 24 bila deni. Huyo amepoteza milioni 4 akidhani anatumia pesa ya benki.

Kwa hiyo mumeo moyo wake umeona kitu. Kinachojenga mali katika mpango ule wote ni ile pesa yako inayotoka kila mwezi. Mkopo umekaa juu yake tu, unakula na wewe.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye mshahara anapaswa kulijua kabla hajasaini. Makato yanaanza mwezi unaofuata, kuponi inakuja kila baada ya miezi sita. Utatoa 2,316,000 kwanza ndipo uone 1,525,000. Miezi hiyo yote utaishi kwa 394,000 na watoto wawili. Mtoto akilazwa, ada ikidaiwa, utarudi kukopa dukani au kikoba, na hiyo riba haipo kwenye daftari la mtu. Ukisema basi niuze hatifungani, inawezekana, zinauzwa soko la upili, yaani unamuuzia mwekezaji mwingine, kupitia dalali au benki, lakini kwa bei ya siku hiyo. Kuponi mpya zikiwa zimepanda juu ya yako, mnunuzi atakupa chini ya ulichonunulia.

Darasa la 350,000 usilipie. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya hatifungani ndogo kabisa, maana kima cha chini ni milioni 1. Hatifungani mpya Benki Kuu inaziuza kwa mnada, na kalenda ya minada ipo kwenye tovuti yao, bure. Kila baada ya mnada wanatoa matokeo: watu wameomba kiasi gani, wamepewa kiasi gani, bei ya wastani kwa kila shilingi 100. Soma matokeo ya minada mitatu minne mfululizo ukiwa na kalamu, utajua mengi ambayo kundi la WhatsApp halitakufundisha. Na anayekutoza pesa kwa ushauri wa uwekezaji anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Orodha ya wenye leseni iko wazi, mtafute humo jina lake. Nchi hii iliona upatu wa DECI ukianguka mwaka 2009, watu "walipanda mbegu" wakingoja kuvuna.

Sasa swali lako la tatu, ambalo ndilo zuri kuliko yote.

780,000 kwa mwezi ni 9,360,000 kwa mwaka. Kwa kuponi ya 15.25 unahitaji hatifungani za kama milioni 61.4. Wauza semina wanaishia hapo. Lakini kuponi haipandi. Ukinunua ya milioni 10 kwa kuponi hiyo, utapokea 762,500 kila nusu mwaka, ileile, miaka 20. Bei za vitu zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, kama tulivyozoea miaka ya karibuni, ile kuponi ya mwisho itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa kama 420,000. Na mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 20, tuliokuwa na mishahara tunaukumbuka. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata: nakula theluthi mbili ya kuponi, theluthi moja inarudi kununua hatifungani nyingine. Kwa kanuni hiyo mtaji wako unakuwa kama milioni 92.

Usishtuke. Ukianza na hizo milioni 4 na kuongeza 250,000 kila mwezi, pesa ikizaa asilimia 12 nawe huigusi, unafika milioni 92 chini kidogo ya miaka 12. Bei zitakuwa zimepanda, kwa hiyo hesabu mpaka 14 au 15, na kila mshahara ukipandishwa nawe unapandisha unachoweka. Una miaka 34. Unafika kabla ya 50.

Hata kabla hujafika, kuna miezi ambayo itaanza kujilipia. Hatifungani hulipa tarehe zake mbili kwa mwaka, kwa hiyo nilichagua za miezi tofauti. Nina inayolipa Januari na Julai, nyingine Machi na Septemba, na ile ya miaka 25 niliyonunua mwaka 2021 kwa kuponi ya 15.95, hiyo inalipa Aprili na Oktoba. Ziko sita, zinafunika miezi yote 12. Daftari langu lina mistari 12. Kila mwezi nimeandika kinachoingia na kazi yake: Januari ni ada ya mjukuu, Machi ni mbolea na kibarua wa shamba la Mkuyuni, Julai ni gunia la mchele na mafuta ya kupikia ya nusu mwaka. Ujumbe wa benki ukiingia, ile pesa tayari ina jina. Na kuponi inaingia nzima, haikatwi kodi ya zuio, wakati riba ya akaunti ya muda maalumu benki inakatwa asilimia 10.

Fundi wa Uyole, vyumba ni mali nzuri na sikatai. Ila hiyo ni kazi. Choo kikijaa wanakupigia wewe, mpangaji akihama chumba kinakaa tupu, na dalali naye anadai mwezi mmoja. Mwalimu ameuliza kuhusu pesa inayoingia akiwa darasani.

---

Kijana_wa_Hisa

Shikamoo mama Nesi. Hesabu ya mkopo umeiweka vizuri mno, naihifadhi.

Naongeza moja kwa mwalimu. Umesema kuponi haipandi, ni kweli, na hapo ndipo hisa zina nafasi yake. Angalia benki ya CRDB. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la mwaka 2019 lilikuwa shilingi 17 kwa hisa. La 2020 ni 22, la 2021 ni 36, la 2022 ni 45, la 2023 ni 50, la 2024 ni 65. Mwenye hisa 10,000 kwa gawio la 65 alipata 650,000, ikakatwa kodi asilimia 5 akabaki na 617,500. Hakuna hatifungani inayokuongezea hivyo.

Ila hisa hizohizo ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa 150, na miaka kumi baadaye zikawa chini ya 100 sokoni. Aliyehitaji ada mwaka ule aliuza kwa hasara. Kwa hiyo pesa ya ada au ya matibabu usiipeleke kwenye hisa. Peleka ile ambayo hata isipoonekana miaka kumi nyumbani mnakula.

---

Mpemba_Muscat

Assalam aleikum. Naheshimu ushauri wote, lakini kuna wasomaji kama mimi ambao riba hatuli, iwe ya benki au ya serikali. Nikiwa huku Oman ndugu wengi huniuliza waweke wapi akiba ya nyumbani zaidi ya kununua viwanja. Sukuk, yaani hatifungani za Kiislamu zisizo na riba, zipo sasa. KCB Tanzania walitoa Fursa Sukuk mwaka 2022, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatoa yake mwaka 2025. Humo unapata sehemu ya faida ya mali au biashara iliyo nyuma yake. Hisa pia ni halali kwa kampuni ambayo kazi yake ni halali, mathalani kiwanda cha saruji, ila kwa benki ya kawaida muulize sheikh wako kwanza.

---

Mwalimu_Makambako

Shikamoo mama. Nimekaa na mume wangu mezani tukarudia hesabu zako zote kwa kikokotoo cha simu, na ofisa mikopo nimemjibu kwamba sitachukua. Mume wangu amefurahi kupata sababu ya kile alichokuwa anakihisi.

Sasa hizi milioni 4 nizifanyeje? Zote ziingie hatifungani? Na kuna mwalimu mwenzangu ana vipande UTT, ile mifuko ya pamoja, anasema anapokea kila mwezi, hana habari na minada. Benki nikienda nibebe nini? Naogopa kuonekana sijui kitu.

Kijana wa hisa, nimekuelewa, hisa nitaanza nikishajaza miezi yangu. Mpemba, mama mkwe wangu ni Mwislamu, nimemsomea maneno yako, ameomba jina la hiyo sukuk ya Zanzibar.

---

NesiMstaafu_Moro

Marahaba mwanangu. Mpe mumeo salamu zangu.

Milioni 1 usiipeleke mnadani. Iweke UTT, Mfuko wa Ukwasi, ule ambao pesa unaipata haraka. Hiyo ndiyo ya mtoto kuugua na ya msiba. Ukiomba kuuza vipande unalipwa ndani ya siku chache za kazi, na hawakukati ada ya kuingia wala kutoka. Ndiyo pia itakuwa sehemu ya kukusanyia: ile 250,000 yako ya kila mwezi ipeleke humo kwa simu siku ya mshahara, ikifika milioni nyingine juu ya ile ya dharura, unaihamishia hatifungani.

Mwenzako anayepokea kila mwezi nadhani yuko Mfuko wa Hatifungani wa UTT, kwenye mpango wa gawio la mwezi, ambao unaanzia milioni 10. Ni njia nzuri kwa asiyetaka kufuatilia minada. Mfuko unanunua hatifungani kwa wingi, wanajilipa gharama za uendeshaji, kinachobaki mnagawana. Ndiyo maana unapata kama 12 wakati hatifungani tuliyoihesabu inalipa zaidi. Tofauti yake ni kwamba kwenye mfuko faida inaweza kubadilika mwaka hadi mwaka, kwenye hatifungani yako kuponi uliyonunulia ni ileile mpaka iive, yaani muda wake uishe.

Milioni 3 zilizobaki, nunua hatifungani tatu za milioni moja moja kwenye minada mitatu tofauti. Usinunue zote siku moja. Kwanza utapata miezi sita ya mwaka yenye kuponi. Pili utajifunza bei inavyopanda na kushuka kwa pesa ndogo. Mnada mmoja unaweza kulipa 98 kwa kila 100, mwingine ukalipa 103. Bei ya 98 maana yake milioni 1 ya hatifungani umeinunua kwa 980,000, na kuponi unalipwa kwenye milioni 1 nzima. Ya 103 umetoa 1,030,000 na mwisho utarudishiwa milioni 1 tu, kwa hiyo kuponi ya 15.25 kwako si 15.25 tena. Hilo ndilo la kuangalia kwenye matokeo.

Sitaki uogope benki. Wengi wa wanaokaa pale dirishani nao hawajui, utapelekwa kwa ofisa wa hazina au atapigiwa simu wa makao makuu, wewe tulia. Nenda siku chache kabla ya mnada, minada huwa Jumatano na maombi yanafungwa asubuhi. Beba kitambulisho cha NIDA, picha ndogo, na namba ya akaunti ambayo kuponi zitaingia. Watakufungulia akaunti ya dhamana Benki Kuu, hiyo unaifungua mara moja tu. Waulize wazi ada yao ni kiasi gani, maana kila benki ina yake, na ukiona kubwa nenda benki nyingine au kwa dalali wa Soko la Hisa. Hakikisha jina kwenye fomu linafanana herufi kwa herufi na la NIDA, na kama benki inakubali akaunti ya pamoja na mumeo, fikirieni hilo, litawapunguzia safari za mahakamani siku mmoja asipokuwepo.

Kwenye fomu utaona zabuni ya ushindani na isiyo ya ushindani. Ya ushindani unataja bei mwenyewe, na ukiitaja chini sana unakosa. Chagua isiyo ya ushindani. Utapewa kwa bei ya wastani ya waliofaulu. Pale kwenye kisanduku cha bei usiandike kitu, maana ukitaja bei hiyo ni ya ushindani.

Ukishapata risiti, nitumie mwezi wa kuponi yako ya kwanza tupange wa pili.